Maswali ya Wasomaji: Sindano Isiyotia Dawa

Katika toleo lililopita msomaji mmoja aliuliza kama kinundu kisichouma chini ya ngozi ni jambo la kutia hofu, nami nikamjibu kwa mistari michache kwamba vingi si saratani na kwamba daktari anaweza kukichoma kwa sindano nyembamba ili ajue asili yake. Mistari ile imenitia kazini. Barua zimekuja kutoka Wete hadi Makunduchi, na karibu zote zinauliza juu ya hiyo sindano, kwa hiyo safu nzima ya leo nimeziachia.

SWALI: Assalaam alaykum Daktari. Mimi ni mama wa watoto wanne, naishi Wete. Mume wangu ana uvimbe juu ya bega la kulia, na huu ni mwaka wa sita. Ni laini, haumuumi, ila polo la karafuu likimkaa hapo humkera. Hospitali walimchoma sindano, nami nikadhani ni dawa, kumbe hakutiwa chochote. Baada ya wiki mbili tulipewa karatasi iliyoandikwa: "Chembe za mafuta zilizokomaa. Hakuna chembe za saratani zilizoonekana." Majirani wanasema uvimbe ukichokozwa kwa sindano ndipo huamka. Walimfanyia nini, na karatasi hiyo tuiamini?

JIBU: Waalaykum salaam, mama. Mumeo alitolewa kitu, hakutiwa kitu. Daktari husafisha ngozi kwa spiriti, hukibana kinundu kwa vidole viwili kisiteleze, kisha huingiza sindano yenye kipenyo cha nusu milimita hadi milimita 0.7 hivi, ambayo ni nyembamba kuliko ile ya kutolea damu mkononi, na kwa sababu hiyo mara nyingi hata ganzi haihitajiki. Sindano ikishakuwa ndani ya uvimbe, bomba huvutwa nyuma ili linyonye, na sindano huchezeshwa mbele na nyuma mara kumi au ishirini kwa sekunde chache, huku ikielekezwa pande mbalimbali. Kabla ya kuchomolewa, bomba huachiwa lisinyonye tena, kwa sababu chembe zinazotafutwa zinatakiwa zibaki ndani ya sindano yenyewe. Zikirukia ndani ya bomba hazipatikani kwa urahisi. Mtu aliyesimama kando huliona bomba tupu akadhani kazi imeharibika, kumbe mali yote imo katika ule mwanya wa sindano, nayo hupulizwa juu ya kioo, ikapakwa, ikatiwa rangi na kutazamwa kwa hadubini.

Kwa kuwa mumeo ni mtu wa karafuu, mfano ninao karibu. Mnunuzi hamwagi gunia zima chini ili ajue kilichomo. Huchoma bambo, akapokea kiganja kimoja, akatazama ukavu, rangi na wingi wa makonyo, yaani vikonyo vyake. Sindano hii ni bambo la daktari, na tabia zake ni zile zile: huleta habari ya pale ilipopita, haileti habari ya gunia lote. Mfano huu nitaurudia katika barua ya pili, maana huko ndiko unakouma.

Kilichoandikwa katika karatasi yenu kinaelekea kwenye lipoma, yaani fundo la mafuta, ambalo ndilo uvimbe wa kawaida kuliko wote katika tishu laini za mtu mzima, hasa baina ya miaka 40 na 60. (Tishu laini ni jina la jumla la mafuta, misuli, kano, mishipa ya damu, mishipa ya fahamu na nyuzi zinazoshikanisha hivyo vyote, mifupa haimo.) Lipoma hujitangaza hata kabla ya hadubini, kwa sababu kioo hung'aa kama kilichopakwa mafuta ya nazi na hakikauki. Chini ya hadubini huonekana chembe kubwa mfano wa mapovu, kila moja na kiini chake chembamba kilichosukumwa ukingoni.

Lakini liko jambo moja ambalo karatasi haikuliandika. Mafuta ya lipoma na mafuta ya kawaida yaliyo chini ya ngozi ya kila mtu hayatofautiani kwenye kioo. Sindano ikiteleza ikapita kando ya uvimbe, italeta mafuta yale yale na karatasi itaandikwa maneno yale yale. Kwa hiyo kioo peke yake hakiwezi kusema "hii ni lipoma". Anayesema hivyo ni yule aliyekibana kinundu na kuhisi sindano ikiingia ndani yake. Kwa mumeo, mkono umesema uvimbe ni laini na uko juu juu, muda umesema ni mwaka wa sita bila mabadiliko makubwa, na kioo kimesema mafuta. Mashahidi watatu wamekubaliana, na kwa ajili hiyo nakwambia iaminini.

Kuhusu majirani, nawaheshimu, ila hapo wamekosea. Uvimbe usio wa saratani haugeuki saratani kwa kuchomwa. Nadhani najua imani hiyo ilikotoka: mtu hukaa na uvimbe mbaya mwaka mzima akiukanda kwa mafuta, siku ulipoanza kukua kwa kasi akaenda hospitali, akachomwa sindano, na wiki tatu baadaye ukawa mkubwa zaidi. Sindano ilikuwa ya mwisho kuonekana, basi lawama ikaangukia hapo. Ni kweli kwamba katika saratani imewahi kuandikwa kuwa chembe zilidondoka katika njia ya sindano, lakini kwa sindano nyembamba za namna hii ni jambo la nadra sana, na hasara ya kutojua unachokibeba ni kubwa kuliko hatari hiyo.

Fundo la mafuta linaweza kuachwa maisha yote. Kwa kuwa polo linamkera, daktari wa upasuaji anaweza kulitoa, na likishatolewa ombeni nalo lipelekwe maabara zima zima.

SWALI: Mimi ni mkaazi wa Bububu. Mama yangu ana miaka 62 na ana uvimbe ndani ya paja, mkubwa kama embe dodo, ambao ameuona tangu mwaka jana. Naye alichomwa sindano na majibu yalikuwa ya mafuta, bila ya chembe za saratani. Tulifurahi, tukapika na chakula. Kisha daktari akasema hatosheki, anataka picha ya MRI (ile ipigwayo kwa sumaku) na sindano nyingine kubwa zaidi. Kwa nini karatasi ya wengine inaaminiwa na ya mama yangu haiaminiwi? Na kama ni mafuta, kwa nini wasiyatoe tu?

JIBU: Daktari wenu ni mtu makini, na ningependa nieleze kwa urefu kwa nini nasema hivyo.

Kwanza tazama maneno. "Hakuna saratani" na "hakuna chembe za saratani zilizoonekana" si kauli moja. Mvuvi akitupa nyavu mara moja akapata vibua, anaweza kusema kwamba hakuona nguru. Hawezi kusema kwamba baharini hamna nguru. Mwanapatholojia, yaani daktari anayesoma chembe kwa hadubini, aliyeandika karatasi ya mama yako ameandika alichokiona, na ameandika kwa uaminifu. Kazi ya kuamua kama alichokiona kinatosha ni ya daktari aliyemshika paja mama yako, ambaye anajua uvimbe uko wapi na una ukubwa gani.

Katika tishu laini, uvimbe usio wa saratani huizidi saratani angalau mara mia moja. Hesabu hiyo inafariji, lakini ni hesabu ya vinundu vyote kwa jumla, na wingi wake ni vile vidogo vilivyo chini ya ngozi kama cha yule bwana wa Wete. Ukivichambua vile vinavyozidi sentimita tano, yaani kiasi cha urefu wa yai la kuku, na vilivyozama chini ya utando unaofunika misuli, uwiano hubadilika na saratani huwa si jambo la mbali tena. Ndiyo maana madaktari wamefundishwa kushtuka kwa ukubwa, kwa kina, kwa kukua, kwa maumivu, na kwa uvimbe uliotolewa ukarudi. Mama yako ana mawili ya hayo kwa yakini, na kama mwaka juzi haukuwepo na leo ni embe dodo, basi ana la tatu.

Sasa turudi kwenye bambo. Uko uvimbe wa mafuta ambao si lipoma wala si saratani inayosambaa, bali uko kati. Shirika la Afya Duniani, katika uainishaji wake wa uvimbe wa tishu laini uliotoka mwaka 2020, lina makundi matatu: usio na madhara, ulio katikati, na saratani kamili. Huu ninaousema umo katika kundi la katikati. Hupenda mapaja na nyuma ya tumbo, kwa watu wazima na wazee. Sehemu yake kubwa ni mafuta yaliyokomaa yasiyo na kasoro yoyote, na humo ndani, hapa na pale, zimo chembe chache zenye kiini kikubwa cheusi kisicho na umbo. Ni gunia la karafuu safi lenye kiganja cha makonyo katikati. Bambo likipita pembeni, mnunuzi ataandika kwamba karafuu ni daraja la kwanza, na hatakuwa amesema uongo.

Uvimbe wa namna hii hausafiri kwenda mapafuni maadamu umebaki hivyo, lakini hurudi pale pale usipotolewa wote, na ukiachwa miaka mingi sehemu yake inaweza kubadilika ikawa saratani kamili. Picha ya MRI humwonyesha daktari kama ndani ya mafuta mna kuta nene au vipande visivyo vya mafuta, na vilevile humwonyesha mshipa mkubwa wa damu wa paja uko umbali gani. Sindano kubwa anayoitaka hukata kijiti cha nyama chembamba kama uzi wa tambi, ambacho hutazamwa jinsi chembe zilivyopangana, jambo ambalo sindano nyembamba haiwezi kulionyesha kwa sababu yenyewe huleta chembe zilizotawanyika. Kutoka katika kijiti hicho maabara yenye uwezo inaweza pia kupima jeni inayoitwa MDM2, ambayo katika uvimbe huo wa katikati huwa imejirudufu mara nyingi na katika lipoma ya kawaida haijirudufu.

Swali lako la mwisho, "kwa nini wasiutoe tu", ndilo ninalolisikia mara nyingi, na ndilo lenye hatari kuliko yote. Daktari akifungua paja akidhani ni mafuta ya kawaida, atayatoa vipande vipande kama tunavyotoa mafuta ya kawaida. Ikija karatasi ya maabara na kusema ni saratani, jeraha lote litakuwa limechafuka kwa chembe zake, na upasuaji wa pili utalazimika kuondoa ngozi na misuli zaidi kuliko ambavyo ingehitajika mwanzo. Hata tundu la ile sindano kubwa linatakiwa lichaguliwe na atakayefanya upasuaji, ili lije likatwe pamoja na uvimbe. Kwa hiyo subira ya wiki chache hapa ni sehemu ya matibabu yenyewe. Ikiwa gharama ya MRI inakulemeeni, mwambieni daktari waziwazi. Anaweza kuanza na altrasaundi, ambayo ni rahisi zaidi, akaona kama uvimbe uko juu ya utando wa misuli au chini yake, ijapokuwa kwa uvimbe uliozama kama huu MRI itabaki kuwa bora.

Chakula mlichopika hakikuharibika. Bado yawezekana kabisa kwamba ni lipoma iliyo ndani ya msuli.

SWALI: Mimi ni mvuvi wa Kojani. Nina uvimbe mgumu kama kokwa la embe chini ya ubapa wa bega. Nimevuka kwenda hospitali mara mbili, nimechomwa mara mbili, na mara zote mbili nimeambiwa "sampuli haitoshi". Je, hawa hawajui kazi?

JIBU: Inawezekana mkono ulikosea, lakini naona dalili ya jambo jingine. Uvimbe uliofumwa kwa nyuzi ngumu hautoi chembe. Umezishika kama mkeka ulivyozishika kili zake. Sindano nyembamba huingia kwa taabu na kutoka mikono mitupu, au na damu kidogo tu. Kwa uvimbe wa namna hiyo kipimo hiki si chake, na kukirudia mara ya tatu vile vile ni kukupandisha mashua bure. Omba ifanywe kwa kuongozwa na altrasaundi, au moja kwa moja kwa sindano inayokata kijiti cha nyama. Nakusihi jambo moja tu: usiichukulie "sampuli haitoshi" kuwa ni "salama". Karatasi hiyo haikusema jambo lolote juu ya uvimbe wako, si zuri wala baya.

SWALI: Mimi ni kijana wa miaka 24, nasoma chuo, nakaa Tunguu. Uvimbe ulinitokea kwenye mkono, chini ya kiwiko, na ndani ya wiki tatu ukafikia ukubwa wa ndimu ndogo. Unauma nikiubonyeza. Majibu ya sindano yalisema kuna chembe nyingi zinazogawanyika na kwamba "sarkoma haiwezi kukanushwa". Nyumbani kulikuwa msiba. Daktari mwingine alipoviangalia vioo akasema tusubiri wiki sita, tupime tena ukubwa. Baba anasema huyu wa pili anacheza na maisha yangu. Nimsikilize nani?

JIBU: Mwanangu, mueleze baba kwamba sarkoma ni jina la saratani ya tishu laini, na kwamba hofu yake ni ya haki. Kisha umsomee haya.

Ziko vimbe chache ambazo zinatisha kwenye kioo kuliko zilivyo mwilini, na maarufu wao hupenda hasa mkono wa kijana, chini ya kiwiko. Huanza ghafla, hukua kwa wiki chache tu, mara nyingi hauzidi sentimita tatu, kisha husimama, na aghalabu hunywea wenyewe ndani ya miezi michache. Walioueleza kwanza, huko Marekani mwaka 1955, waliuita kwa jina lenye maana ya "mfano wa sarkoma", kwa sababu chembe zake ni nyingi, ndefu, na zinagawanyika kwa kasi kama za saratani. Jina linalotumika leo ni fasaitisi ya vinundu. Kwa muda mrefu ilidhaniwa kuwa ni mwili tu unaojibu jeraha dogo, hadi mwaka 2011 ilipogundulika kwamba chembe zake zina jeni iitwayo USP6 iliyounganishwa na jeni nyingine mahali isipostahili. Yaani ni uvimbe wa kweli, ila ni uvimbe unaojimaliza.

Mwanapatholojia wa kwanza hakukosea kuandika alivyoandika, hasa kama karatasi ya maombi iliyomfikia ilikuwa na neno "uvimbe" na umri wako tu, bila ya kuambiwa kwamba una wiki tatu. Hapa nalaumu sisi madaktari tunaojaza karatasi hizo kwa maneno mawili. Chembe zile zile katika paja la mzee wa miaka 70 zina maana moja, na katika mkono wa kijana aliyeanza kuuona uvimbe mwezi uliopita zina maana nyingine. Sarkoma nyingi hazifiki kwenye ndimu kwa wiki tatu kisha zikasimama.

Wa pili naye anacheza na muda kwa makusudi, kwa kuwa muda ndio kipimo chake. Uvimbe ukipungua, jibu limepatikana bila ya kisu. Usipopungua, au ukiendelea kukua hata kabla ya hizo wiki sita, utolewe kijiti cha nyama bila kuchelewa. Mwombe akuandikie leo, kwa milimita, urefu na upana wa uvimbe, ili mara ya pili msibishane kwa macho.

Kwa kuwa tumelifikia suala la vioo vinavyotisha, niongeze mmoja. Uvimbe wa ala ya mshipa wa fahamu, ukikaa miaka mingi, chembe zake huzeeka zikawa kubwa na mbaya kwa sura bila ya kuwa saratani. Huo una ishara yake: sindano ikiugusa, mgonjwa huhisi kama umeme unakimbia hadi vidoleni. Ukihisi hivyo usivumilie kimya kwa aibu. Piga kelele, maana kelele hiyo ni sehemu ya majibu na yafaa iandikwe kwenye karatasi.

SWALI: Mimi ni msaidizi wa maabara katika kituo kimoja Pemba. Daktari wetu huchoma, nami hupaka vioo na kuvisafirisha kwa boti hadi Unguja. Mara kadhaa tumerudishiwa majibu kwamba chembe zimeharibika. Tunakosea wapi? Mgonjwa hulipa nauli akarudi tena, nasi tunaona haya.

JIBU: Barua hii imenifurahisha kuliko zote, kwa sababu makosa mengi ya kipimo hiki hutokea baada ya sindano kuchomolewa, na hakuna anayeyauliza.

Vioo ni vya namna mbili, na kila kimoja kina adabu yake. Vile vitakavyotiwa rangi ya Giemsa hukaushwa kwa hewa, haraka iwezekanavyo. Vile vitakavyotiwa rangi kwa njia ya Papanicolaou, yule daktari Mgiriki aliyehamia Marekani mwaka 1913, hutumbukizwa katika alkoholi ya asilimia 95 vikiwa bado vibichi, ndani ya sekunde na si dakika. Cha kukausha kikikauka polepole, chembe hunywea na kupotosha umbo. Cha alkoholi kikisubiri kikaanza kukauka, kiini hufifia. Hewa yetu ya pwani, na hasa wakati wa masika, haikaushi kitu upesi, kwa hiyo msiache vioo mezani mkategemea upepo wa dirishani. Vipepeeni au viwekeni mbele ya feni, bila ya moto. Na msipake nzito: tone moja dogo linaloenea vizuri linashinda donge.

Kisha nakuuliza: je, mnapovipakia, huwa mnaweka ndani ya kisanduku kile kile chupa ya fomalini, ile dawa ya kuhifadhia nyama, yenye kipande cha nyama cha mgonjwa mwingine? Nadhani jibu ni ndiyo, kwa sababu karibu kila mtu hufanya hivyo, kisanduku ni kimoja na boti ni moja. Mvuke wa fomalini hupenya hata kizibo kilichofungwa vizuri, na vioo vilivyokaushwa kwa hewa vikiupata haviwezi tena kushika rangi ya Giemsa ipasavyo. Huja na rangi ya buluu iliyochafuka na chembe zisizosomeka. Baina ya bandari ya Mkoani na ile ya Malindi ya Unguja mvuke una saa za kutosha kufanya kazi yake. Wekeni vioo katika kisanduku chao na fomalini katika mfuko wake mbali, hata chumba cha kupakia kiwe tofauti mkiweza.

Vioo vya mafuta vina shida ya peke yao: alkoholi huyeyusha mafuta, na chembe zilizomo huondoka nayo. Mkikiona kioo kinang'aa na hakikauki, andikeni hivyo hivyo kwenye karatasi, "mafuta yalionekana kwa macho", ili msomaji wa Unguja akikuta kioo kimebaki kitupu ajue kilichopotea. Jina na namba viandikwe kwa penseli kwenye ncha iliyokwaruzwa ya kioo, kwa kuwa wino wa kalamu hufutika katika alkoholi. Na ikitoka usaha au uji mweupe badala ya nyama, hasa kwa uvimbe wa shingoni, msiumwage: hifadhini kioo kimoja kwa ajili ya kutafuta vijidudu vya kifua kikuu, kwani tezi za shingo zilizovimba kwetu huwa nacho mara nyingi, na dawa zake hutolewa bure.

MASWALI MAFUPI

Msomaji wa Makunduchi ana uvimbe wa kinena unaotoka akikohoa na kurudi ndani akilala, na anaomba aelekezwe apate wapi kipimo cha sindano. Hapana, kaka. Hizo ni dalili za ngiri, na humo ndani huenda mna utumbo. Usikubali achome mtu sindano hapo. Nenda kwa daktari wa upasuaji. Vivyo hivyo kwa uvimbe wowote unaodunda kama mapigo ya moyo, na mwenye kutumia dawa za kuzuia damu kuganda, kama warfarin, amjulishe daktari kabla.

Bibi mmoja wa Chake Chake, mwenye kinundu cha miaka minne, anauliza kama anaweza kufanyiwa kipimo hiki mchana wa Ramadhani. Kwa upande wa tiba hakuna haja ya kula wala ya kukaa na njaa, na damu inayotoka ni matone tu. Kwa upande wa saumu, sindano hii hutoa na haitii, lakini hukumu yake ni ya sheikh wako na si yangu. Kama wewe ni mtu wa kuona kizunguzungu ukiona sindano, omba uchomwe ukiwa umelala, au ngoja upangiwe siku baada ya Idi, kwani kwa kinundu ulichokaa nacho miaka minne wiki tatu hazina neno.

Na mama wa Konde, ambaye binti yake anashona ukili na ana kijivimbe juu ya kifundo cha mkono, kikubwa kama kunde, kinachokuja na kupungua: hicho yaelekea ni kifuko cha maji ya kiungo. Sindano ikiingia hutoka ute mzito wa kuteleza kama ute wa yai, na kuonekana kwa ute huo peke yake kunakaribia kuwa jibu. Mara nyingi hujaa tena baada ya kunyonywa, na mara nyingi vilevile huondoka chenyewe. Asikubali kupigwa na kitu kizito ili kipasuke, kama anavyoshauriwa. Kikimzuia kushona au kikimtia ganzi vidole, ndipo aende akatolewe.